Daktari Atuulize Kazi Tunayofanya



Mwenzetu mmoja, dereva wa matatu ya Kitale na Bungoma, alikwenda kupimwa presha. Akaambiwa imepanda, akapewa vidonge, na alipokuwa akishika mlango akaambiwa, "Na ufanye mazoezi." Basi, kwisha. Alipotusimulia stendi tulicheka, maana mtu huyu huwa kwenye usukani tangu saa kumi ya alfajiri mpaka saa mbili usiku. Lakini jambo lenyewe si la kuchekwa.

Wako walioliona zamani. Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris na wenzake walitoa habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya London. Dereva alikaa, kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Mwaka 1956 wakatazama vipimo vya sare, wakakuta suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni! Kwa hiyo huenda ngazi si sababu peke yake, lakini tangu hapo wataalamu wengi wamethibitisha kwamba kukaa bila kutembea hudhuru moyo. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za mwendo wa kuharakisha au kazi ya kiasi hicho.

Hatumlaumu daktari. Mabenchi yamejaa wagonjwa, naye ana dakika chache tu. Tunalotaka ni dogo: aulize, "Wafanya kazi gani, na wakaa saa ngapi?" Mpakiaji wa magunia ya mahindi Kitale, au mkata miwa wa Nzoia, akiambiwa afanye mazoezi ataona anadhihakiwa, huyo aulizwe habari za mgongo wake na mapumziko yake. Fundi cherehani, bawabu na karani wana shida nyingine. Hata kijana wa bodaboda wa Bungoma si yule wa zamani aliyekanyaga baiskeli. Leo pikipiki yamkanyagia.

Tena jibu liandikwe. New Zealand, tangu 1998, daktari humwandikia mgonjwa mazoezi kwenye karatasi kama anavyoandika dawa, na yuko mtu wa kumfuatia mgonjwa aone kama anaendelea. Kwa dereva wetu karatasi ingeweza kusema hivi: zamu yako ikiwa bado, shuka garini, tembea upesi nusu saa, siku tano kwa juma. Wakati huo tunao. Twaupoteza kwenye kiti tukingoja gari la mbele lijae, na soda mkononi.

Wengine watasema tunadai makuu.  Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii. Anayelipa ana haki ya kuulizwa swali moja. Nasi tuseme kweli tukiulizwa, hata habari za soda.

Mwenzetu atarudi kliniki mwezi ujao. Tumemwandikia saa zake za kazi kwenye karatasi, aiweke mezani kabla hajapewa vidonge vingine.