Rurambo: kabla ya kupandisha mabati, uliza kiwanja ni cha nani

Mwenye kupanda Rurambo wakati wa kiangazi anakutana na mabati njiani. Yanatoka bonde la Ruzizi ku vichwa vya wabebaji mpaka juu ku plateau, na saruji inafuata ku mugongo. Mara nyingi feza yake ilitoka mu shimo: kijana wa Kamituga ao Misisi anajengea muke na watoto. Ni jambo zuri. Dahabu iliyogeuka nyumba inapita ile iliyoishia mu nganda.

Lakini tumuulize uyo kijana: kiwanja ulinunua kwa nani? Wengi watajibu: kwa mwenyeji fulani, shefu alitia sahihi, tukakunywa kasiksi, ikaisha. Wewe uko chini ya udongo, safari ya siku nyingi. Muke yako anasimamisha nguzo. Siku moja mutu mwingine anafika na karatasi yake, ya kiwanja kile kile. Feza ya miaka mitatu inaenda yote mu tribinali.

Sheria ya ardhi ya 20/7/1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, hata ule wa vijiji. Iliahidi kwamba ordonansi ya Rais itapanga haki za wenyeji juu ya udongo wao. Miaka makumi ikapita bila ile ordonansi. Watu wa vijiji wakabaki katikati: shefu anagawa kwa desturi, kadasta iko mbali, na pale katikati njo mwizi anapata nafasi. Hata hivyo Katiba ya 2006, artikle 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Basi desturi iko na nguvu. Ila desturi yenyewe haikukuwa mambo ya siri ya watu wawili na chupa moja. Wazee na majirani walitembea ku mupaka, na miti ikapandwa wote wakiona.

Ndugu muchimbaji, karte yako inaisha kila mwaka na unajua kuirudilia. Ku shimo unajua PDG ni nani, na kila mutu anachukua kilo ngapi ya mawe. Sasa mbona kiwanja, chenye kubakia watoto, unakinunua kwa telefone?

Kuko jambo zito zaidi. Vita ilikimbiza watu wengi ku plateau, wa makabila yote. Kiwanja cha mutu aliyekimbia si kiwanja tupu, hata majani yamemea mupaka ku mulango. Anayekuuzia hicho anakuuzia ugomvi, na ugomvi wa udongo kwetu tunajua unaishia wapi. Muulize muke wa muuzaji pia. Sheria ya familia inaomba mume na muke wakubaliane mbele ya kuuza. Kama mama hakuitwa, rudisha feza mufukoni.

Na angalia mulima. Wewe unayetia miti mu shimo ili lisianguke, unajua udongo uliolowa unafanya nini. Watu wa Uvira waliona mu mwezi wa ine 2020, Mulongwe ilipobeba nyumba pamoja na watu. Huku juu, viwanja vya bei ndogo vinakatwa pa mutelemuko, pale miti ilikuwa inashika udongo. Vingine vinafunga njia ya kisima. (Bei ndogo, tena wanakuonyesha jioni wakati hauone bonde.)

Kwa mashefu wa vijiji tunaomba kitu kidogo: daftari moja, mbele ya barza. Jina la muuzaji, la munuzi, la majirani wa pande ine, hatua ngapi kwa ngapi, na sahihi za wote, wanawake ndani. Isomwe kwa sauti siku ya soko, halafu mwezi mzima upite mbele feza haijatoka mu mukono. Mwenye kupinga apinge ile mwezi, wakati nguzo ya kwanza haijachimbiwa.