Matundu Yasiyopoteza Amana

Mtu anayeishi Kamituga, mji ambao tangu zama za Wabelgiji ardhi yake imetobolewa kwa tamaa ya dhahabu, hahitaji kuhubiriwa hatari ya tundu: tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilibomosha mashimo ya mgodi wetu uitwao Detroit, na watu zaidi ya 50 wakahofiwa kufa. Kwa hiyo nadhani wachimbaji wetu wangeisikiliza kwa makini kuliko mabwana wengi wa Kinshasa hoja iliyotolewa na Guanyu Zhu wa IBM na wenziwe wawili, ikachapwa mwaka 2022, ya kwamba hifadhi ya habari za kompyuta ya kwanta yaweza kutobolewa matundu makubwa kwa madogo, kwa mtindo wa maumbo ambayo Benoît Mandelbrot aliyaita fraktali mwaka 1975, wala isipoteze amana iliyowekwa humo.

Habari hizo ni dhaifu mno. Joto kidogo huzifuta, wala haziwezi kunakiliwa. Ndiyo maana Alexei Kitaev, mwaka 1997, alibuni tadbiri ya kuitawanya amana moja katika chembe nyingi zilizofungamana, ili chache zikiharibika amana isalimike. Gharama yake ni wingi wa chembe, na matundu huupunguza. Lakini Zhu na wenziwe wamethibitisha kwamba juu ya bapa hila hiyo ya matundu haifai kabisa. Hufaa katika umbo la vipimo vitatu, tena kwa sharti kwamba kingo za matundu ziwe za namna maalumu. Kingo ndizo zibebazo mzigo, kama magogo yanayoegemeza shimo, na kila PDG, yaani mwenye shimo, aliyewahi kubania magogo anajua alichovuna.

Katika teknolojia kama hii wakubwa wetu aghalabu hudai mgawo wa madini tu. Si dai batili: mwaka 2021 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba chembe za kwanta zilizotengenezwa kwa tantali hudumu zaidi ya sekunde 0.0003, muda mrefu kwa kazi hiyo, na tantali hutoka katika koltani, ambayo Kivu zote mbili huichimba. Lakini uthibitisho wa Zhu haukungoja mtambo wa mamilioni, ulitaka hesabu. Vyuo vya Bukavu vyaweza kuifundisha hesabu hiyo kuanzia mwaka ujao wa masomo, kwa ubao, chaki, vitabu vichache, na mwalimu anayelipwa mshahara wake kila mwezi.