Mkono wa Kuomba Msamaha

Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili jioni, Jogoo Road, matatu ilinipigia honi mpaka masikio yakaziba. Konda akatoa kichwa dirishani: "Wewe wa baiskeli, toka! Hii barabara ni ya magari!" Nikatoka. Nikaingia kwenye vumbi kando ya mtaro na, aibu yangu hii, nikainua mkono kuomba msamaha. Usiku sikulala. Konda nilimsamehe mapema. Mkono wangu ndio ulionikasirisha.

Ati barabara ni ya magari. Nani aliyapatia? Mambo mengi ya barabara tumerithi kwa Mwingereza, hata huku kupita kushoto. Basi twende kwake tuulize.

Mwaka 1869, John Mayall alitoka London hadi Brighton, karibu kilomita 85, kwa baiskeli yenye magurudumu ya mbao yaliyovishwa chuma. Mwaka 1878, wasafiri wa baiskeli wakaunda chama chao mjini Harrogate, kile kilichokuja kuitwa Cyclists' Touring Club. Halafu 1886, kijana wa miaka 19, G. P. Mills, akapanda ile baiskeli ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, akatoka Land's End kusini hadi John o' Groats, kaskazini kabisa ya Uskoti. Zaidi ya kilomita 1,300 za mawe na matope. Siku tano, saa moja na dakika 45. Miaka 19, jamani. Mimi miaka 19 nilikuwa nakimbia karo ya chuo.

Mwaka huohuo wa 1886, watu wa baiskeli waliungana kuunda Roads Improvement Association, kudai barabara zitengenezwe. Na gari lilikuwa wapi? Lilikuwa Ujerumani, Karl Benz ndiyo kwanza anaandikisha hataza yake. Yaani gari lilikuta kitanda kimetandikwa, likalala, kisha likamfukuza aliyetandika.

Lakini usidhani nimekuja kuwaimbia sifa. Hao hao ndio walionifundisha kuinua ule mkono.

Wenye farasi na mabehewa walilalamika, polisi wakakasirika, na viongozi wa baiskeli wakaogopa kwamba baiskeli yenyewe itapigwa marufuku. Wakafanya nini? Miaka ya 1890, chama chao cha kitaifa, National Cyclists' Union, kikakataza mbio za barabarani. Wenyewe kwa wenyewe! Mwaka 1895, F. T. Bidlake akaleta dawa yake: mbio dhidi ya saa. Kila mtu anaondoka peke yake, alfajiri, njia ni siri, nguo nyeusi kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo, ili mtu asijue kwamba hapa kuna mashindano. Wanariadha wakawa wanajificha kama wezi wa kuku.

Na anayejificha kwa wakubwa hutafuta mdogo wa kumkaripia. Septemba 1893, Tessie Reynolds, msichana wa miaka 16, alitoka Brighton hadi London na kurudi kwa saa nane na nusu. Karibu kilomita 190! Badala ya kumpigia makofi, wakahesabu vifungo. Alikuwa amevaa suruali ya kufungwa chini ya magoti, akapanda baiskeli ya kiume. Bidlake alikuwa miongoni mwa waliomlaani. Unaona hesabu yao? Binti anawaharibia jina mbele ya wenye mabehewa. Heshima ya kuombwa hulipwa na mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni msichana.

Mtu ataniambia Bidlake aliuokoa mchezo. Ni kweli, mbio zake zipo hadi leo. Mchezo ulipona. Barabara je? Wenye mabehewa walishuka wakanunua magari, na hakuna aliyekumbuka kuwashukuru waliojificha vizuri.

Mwaka 1933, Bidlake akiteremka Barnet Hill kwa baiskeli, aligongana na gari. Akafa wiki chache baadaye. Simcheki marehemu, na sisemi ilikuwa adhabu. Nasema tu kwamba maisha yake yote alikuwa mtu wa adabu barabarani, na adabu haikusimamisha lile gari.

Kwa hivyo, wewe unayepanda baiskeli kwenda mjengo, kupeleka mkate, kupeleka mtoto shule: fuata taa, funga kofia, usimgonge mtu. Hiyo ni akili. Lakini usiombe radhi kwa kuwepo. Tudai njia yetu kwa kaunti, kwa sauti, mchana, na nguo za rangi.

Kesho nitapita Jogoo Road tena. Honi italia. Mikono yote miwili itakuwa kwenye usukani.