MAMBO YA NYUMBANI: Kashata na Tofi za Kutunukiana Siku Kuu

Kila mwaka siku kuu zikaribiapo, mifuko ya watu wengi huanza kulia. Karani afanyaye kazi mjini hutaka kurudi kwao na mikono iliyojaa, asije akaonekana mchoyo mbele ya wazee na majirani. Mkulima naye, ambaye ameuza mavuno yake, huona haya kumpokea mgeni bila ya kitu cha kumfungashia. Basi huko dukani hununuliwa mikebe ya biskuti na makasha ya peremende yenye picha za kupendeza, na pengine hununuliwa kwa deni. Siku kuu huisha, mikebe hutupwa, lakini deni hubaki. Nao mwezi wa Januari, ambao katika Kenya ndio mwezi wa kufungua shule, humkuta baba mwenye nyumba akitafuta karo kwa jasho.

Wazee walisema kwamba kutoa ni moyo, si utajiri. Zawadi iliyopikwa kwa mikono ya watu wa nyumbani haimpunguzii mtu heshima, aghalabu humwongezea. Anayeipokea hujua kwamba ametengewa muda wa mtu, na muda ni kitu ambacho duka haliuzi. Katika miji ya pwani, kama vile Mombasa na Lamu, jambo hili si geni hata kidogo. Siku ya Idi masinia hupelekwa kutoka nyumba hata nyumba, yamefunikwa kwa kawa, na watoto waendao kuwaamkia wakubwa hupewa mkono wa Idi pamoja na vitu vitamu. Tena sahani ya jirani hairudishwi tupu. Hivyo utamu huzunguka mtaa mzima, wala hakuna aliyeingia katika deni.

Jambo la kwanza la busara ni mpishi kutazama kile kinachopatikana karibu naye. Aliye pwani ana nazi. Aliye nyanda za juu ana maziwa. Aliye sehemu za magharibi ana njugu na ufuta, ambao wengine huuita simsim. Kitu cha lazima cha kununua ni sukari, na iliki kidogo kwa ajili ya harufu. Vipimo vinavyofuata ni vya kikombe cha kawaida kinachochukua kama robo lita.

KASHATA ZA NAZI

Mpishi atwae vikombe 2 vya nazi iliyokunwa, kikombe 1 na nusu cha sukari, nusu kikombe cha maji, na nusu kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa. Aweke sukari na maji katika sufuria nene juu ya moto wa wastani, akoroge mpaka sukari iyeyuke, kisha aache ichemke hata iwe nzito. Ndipo atie nazi na iliki, na tangu hapo mwiko usitulie. Mchanganyiko ukianza kuachana na kingo za sufuria na kushikamana kama donge moja, umekuwa tayari. Aumwage katika sinia lililopakwa samli, ausawazishe kwa mgongo wa kijiko, na aukate ungali na joto. Akingoja mpaka upoe kabisa, kisu kitauvunja vipande visivyo na umbo.

KASHATA ZA NJUGU

Hizi ndizo ambazo wanywaji wa kahawa chungu huzipenda sana. Zahitaji vikombe 2 vya njugu zilizokaangwa na kumenywa maganda, kikombe 1 na nusu cha sukari, na chumvi kidogo sana. Sukari huwekwa peke yake katika sufuria kavu juu ya moto mdogo. Itaanza kuyeyuka pembeni, kisha itageuka rangi kuwa kama asali. Hapo haraka yafaa, maana kati ya rangi ya asali na kuungua ni muda mfupi tu, na sukari iliyoungua ni chungu wala hairekebishiki. Mpishi atie njugu na chumvi mara moja, achanganye, amwage katika sinia lililopakwa mafuta, na akate upesi. Kwa njia hiyo hiyo mtu aweza kutumia ufuta uliokaangwa badala ya njugu.

TOFI LAINI ZA MAZIWA

Hizi zamfaa mwenye ng'ombe. Na zitwaliwe vikombe 2 vya sukari, robo tatu ya kikombe cha maziwa mabichi yenye mafuta yake, na vijiko 2 vikubwa vya siagi. Vyote vichemshwe pamoja juu ya moto mdogo, vikikorogwa ili maziwa yasishike chini. Kujua kama zimeiva, mpishi adondoshe tone moja katika kikombe cha maji baridi. Tone likitawanyika, bado. Likiwa donge laini linalobonyea kwa kidole, tayari. Sufuria iepuliwe na iachwe ipoe mpaka mkono uweze kushika ubavu wake bila ya kuumia. Hapo mchanganyiko upigwe kwa mwiko kwa nguvu mpaka mng'ao wake upotee, kisha umwagwe na kukatwa. Mtu asipoupiga vya kutosha, hautagandamana vizuri.

Kuna jambo hapa ambalo huwachanganya wapishi wanaotumia kipimajoto na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani au wa ng'ambo. Maji huchemka kwa digrii 100 pale Mombasa, lakini Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa digrii kama 94. Kwa kila mita 300 za kupanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu digrii 1. Basi tofi iambiwayo kuepuliwa kwa digrii 115 kitabuni, Nairobi yapaswa kuepuliwa kwa digrii kama 109. Anayefuata kitabu bila ya kupunguza atapata tofi ngumu kama kokoto. Kikombe cha maji baridi, kwa upande wake, hakidanganyi mahali popote.

VISHETI

Kwa nyumba yenye watoto wengi, visheti vyafaa kuliko vyote, kwa kuwa unga huongeza wingi wa chakula na kila mtoto aweza kusaidia kukata. Vikombe 4 vya unga wa ngano vichanganywe na robo kikombe cha samli ya moto na iliki, kisha vikandwe kwa tui au maziwa, kidogo kidogo, mpaka donge liwe gumu kiasi. Lisukumwe na kukatwa vipande vidogo, vikaangwe katika mafuta ya moto wa wastani mpaka viwe rangi ya dhahabu. Pembeni, vikombe 2 vya sukari na kikombe 1 cha maji vichemshwe mpaka shira iwe nzito na yenye kuvutika. Visheti vitiwe humo na kukorogwa bila ya kupumzika hata sukari iwagande na kuwa nyeupe.

MAMBO MATATU YA KUANGALIWA

La kwanza ni njugu zenyewe. Njugu zilizopata unyevu huota ukungu, na ukungu wa namna fulani huacha sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo ilipata kujulikana baada ya mwaka 1960, wakati zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa nchini Uingereza kwa kulishwa mashudu ya njugu yaliyoharibika. Wala si habari ya ng'ambo tu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo hiyo yaliwaugua watu 317 katika sehemu za mashariki ya Kenya, na 125 kati yao wakafa. Moto wa kukaangia hauiondoi sumu yote, wala sukari na iliki haziiponyi. Huficha ladha yake tu. Kwa hiyo kila njugu iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au yenye harufu mbaya haina budi kutupwa kabla ya kukaangwa. Asiwepo mtu atakayesema, "Hizi mbovu tutazitia katika kashata, haitajulikana." Huyo hatoi zawadi, atoa ugonjwa uliofungwa vizuri.

La pili ni moto. Shira ya sukari ni ya moto kuliko maji yachemkayo, tena hung'ang'ania ngozi. Watoto wadogo wasisogee mekoni sukari inapoyeyuka, wala mtu asionje kwa kidole. Akiungua mtu, pahali palipoungua pawekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Siagi, unga au dawa ya meno visipakwe, maana havisaidii. Lengelenge likiwa kubwa, au uso ukiwa umeungua, apelekwe kwa mganga wa hospitali bila ya kukawia.

La tatu ni yule atakayekula. Mtoto aliye chini ya miaka 5 asipewe njugu nzima, kwa sababu zaweza kumkwama kooni na kumziba pumzi. Wako watu ambao miili yao haipatani na njugu kabisa, na kipande kidogo chaweza kuwaletea hatari ya kufa. Ni adabu kuuliza kabla ya kutoa, na kuandika juu ya mfuko vitu vilivyomo ndani. Kadhalika wako wazee wenye ugonjwa wa kisukari. Hao wasisahauliwe siku ya siku kuu, bali watengewe zawadi yao: korosho au njugu zilizokaangwa bila ya sukari, zikafungwa kwa uzuri ule ule. Mzee akipewa mfuko wake mwenyewe hujiona ni mmoja wa jamaa, hajioni mgonjwa aliyerukwa.

KUFUNGA NA KUHIFADHI

Adui mkubwa wa kashata ni unyevu. Huko pwani, ambako hewa ina maji mengi, kashata iliyoachwa wazi usiku mmoja hutoka jasho na kunata. Dawa yake ni kuziacha zipoe kabisa, kisha kuzitia katika mkebe mkavu wenye kifuniko cha kukaza, zikitenganishwa kwa karatasi safi isiyopitisha mafuta. Mikebe ya zamani ya majani ya chai au ya maziwa ya unga, ikioshwa na kukaushwa juani, yafaa sana. Karatasi ya gazeti isiguse chakula, hata kama gazeti lenyewe lapendwa, kwa kuwa wino wake hushika katika mafuta ya chakula. Nayo mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa nchini Kenya tangu mwezi wa Agosti 2017. Mahali pake mtu aweza kutumia mfuko wa karatasi, kitambaa kilichofungwa kwa uzi, au kikapu kidogo cha ukili. Kikapu hicho chenyewe ni zawadi ya pili, maana kitabaki nyumbani baada ya utamu kwisha.

Vitu hivi havidumu sawasawa, na kwa hiyo havipikwi siku moja. Kashata za njugu na visheti hukaa wiki mbili vikiwa katika mkebe mkavu. Basi na vipikwe kwanza. Tofi za maziwa hufuata, kama siku nne au tano kabla ya siku kuu. Kashata za nazi mbichi zipikwe mwisho, siku moja au mbili kabla, kwa kuwa nazi huchacha upesi. Msafiri atakayekaa garini siku nzima na abebe za njugu, aziache za nazi ziliwe na walio karibu. Anayengoja Idi na akumbuke kwamba siku yake hutangulia kwa kiasi cha siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, na kwamba siku yenyewe huamuliwa kwa mwandamo wa mwezi. Kwa hiyo na awe na mikebe yake tayari mapema.

Wala bwana mwenye nyumba asidhani kwamba mambo haya ni ya jikoni, naye kazi yake ni kukaa barazani akingoja kuonja. Kukuna nazi kwa mbuzi ni kazi ya kuchosha, na kupiga tofi kwa mwiko kwataka mkono wenye nguvu. Yeye na achague njugu pamoja na watoto jioni, awafundishe kuipambanua nzima na mbovu. Watoto wakubwa wenye mwandiko mzuri na waandike vijikaratasi vya salamu: "Kwa Shangazi, pamoja na heshima zetu," au "Kwa Babu na Bibi, Mungu awape maisha marefu." Shangazi atakihifadhi kijikaratasi hicho baada ya kashata kumalizika.

Siku ya siku kuu itakapowadia, nyumba ile itakuwa na sinia la kupeleka kwa jirani, mfuko wa mzee, na mkebe wa mgeni aondokaye asubuhi. Na shule itakapofunguliwa, fedha ambazo zingenunua makasha yenye picha zitakuwa bado zimo sandukuni, tayari kulipiwa karo ya mtoto.