Usidanganywe na namba ya saa sita mchana

Jamani, nimekuwa kimya tangu Februari. Nilikuwa juu ya bati nahangaika na kituo kidogo cha hali ya hewa cha kufunga nyumbani. Kinapima joto, upepo, mvua na mionzi ya jua.

Mwanzoni mwa Machi, wakati jua linapita utosini kabisa hapa Dar, kikaandika wati 1,190 kwa mita ya mraba. Nikashangilia, halafu nikatia shaka. Nje ya angahewa mionzi ni kama wati 1,361, na hapa chini, anga likiwa jeupe, hufika 1,000 na kidogo. Hizo nyingine zimetoka wapi? Kumbe mawingu. Kingo za mawingu meupe yaliyotawanyika huakisi mwanga unaojumlishwa na ule wa jua lenyewe. Dakika chache baadaye wingu likaziba, namba ikaanguka hadi 240.

Kwa nini nawachosha na haya? Jirani yangu, mama muuza barafu, alikuwa anataka kutoa pesa zake za kikoba anunue paneli ya wati 100. Muuzaji kampigia hesabu: wati 100 mara saa 12 za mchana, uniti moja na ushee kila siku, friji linatembea. Nikamwomba asubiri.

Nikajumlisha siku nzima, asubuhi hadi magharibi. Siku nzuri ilitoa kama uniti 5 kwa mita ya mraba. Sasa, kiwandani paneli huitwa ya wati 100 kwa kupimwa chini ya mionzi ya wati 1,000, seli zikiwa na nyuzi 25. Kwa hiyo uniti 5 ni sawa na saa 5 za jua kamili, sio 12. Paneli ile ingempa nusu uniti, kabla ya kukata hasara ya joto (nani ameona nyuzi 25 juu ya bati la Dar?), vumbi na betri. Siku moja ya masika, Aprili, jumla ilikuwa uniti 1.9 tu. Fanya hesabu mwenyewe.

Kifaa nacho si msahafu. Kunguru alikichafua, siku mbili nikadhani kuna ukungu. Jioni mwembe unakiwekea kivuli. Vingi vya bei nafuu hupima mwanga kwa laksi, kisha hugawanya kwa 127 hivi kupata wati, kwa hiyo ni makadirio.

Lakini hata makadirio yanatosha kuonyesha kwamba muuzaji anayetaja wati bila kutaja saa anaficha nusu ya bei. Mimi ningetaka kila paneli iuzwe na karatasi yenye uniti za siku mbaya ya masika, sio za siku nzuri.

Mama bado hajanunua. Kila jioni anapita kuniuliza, "Leo ngapi, mwanangu?" Anaandika kwa chaki ukutani, pembeni ya friji.