Turbo Yako ya Nairobi Itazimikia Ukasi

Wasee wa Garissa, leo sibembelezi mtu.

Kila wiki inboksi yangu inaingia swali lile lile: "Warya, niko na laki saba, ninunue hachibaki gani iko na moto?" Kabla sijaandika hata salamu, jamaa fulani wa Nairobi ashajibu na video ya sekunde thelathini. Chukua turbo ya Ulaya, ishushe chini, vaa rimu za 18, toboa egzosi, maisha ni mafupi. Watu wanabonyeza moyo kama mvua. Halafu kijana wa Bulla Iftin anabeba hela ya familia, anaenda kununua ndoto ya mtu ambaye hajawahi kuvuka daraja la Tana.

Msimamo wangu ndio huu, ili usipoteze bando kusoma hadi chini ukiutafuta. Kama unaishi huku kwetu na bajeti yako ni ya kuhesabu, hachibaki ya maana ni ya Kijapani, haina turbo, ni ya gia za mkono, na bado ina shokapu na springi za kiwandani. Anayekuambia kinyume ama haijui barabara yetu ama ana gari ya kukuuzia.

Nina sababu ya kuongea kwa uchungu. Mwaka juzi binamu yangu alipata hela ya gari. Haikutoka hewani. Mamake yuko kwenye ayuuto ya akina mama sokoni, na zamu yake ilipofika akamkabidhi kijana wake bahasha yote, akaongezea dhahabu aliyouza. Binamu akaenda yadi moja Nairobi, sitaitaja, akatoka na hachibaki ya turbo inayong'aa kama kioo. Ilishushwa chini. Ilipiga kelele vizuri. Broka alimwambia mwenye nayo wa kwanza alikuwa daktari mwanamke, anaendesha polepole. Daima ni daktari mwanamke.

Mpaka Mwingi mambo yalikuwa sawa. Baada ya Ukasi, saa nane mchana, jua liko juu kabisa, mshale wa joto ukaanza kupanda. Akazima kiyoyozi, akafungua vioo, akajiambia atafika Bangale. Taa nyekundu ikawaka, akaendelea. Hakufika. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua na hedi yenyewe imepinda. Gari ililetwa Garissa juu ya lori, kama ng'ombe mgonjwa.

Fundi wetu alifungua boneti, akaangalia, akafunga. Hakuwa na mashine ya kusoma kompyuta ya gari ile wala spea zake. Kila kitu kilibidi kiagizwe Nairobi kije na basi: gasketi, pampu ya maji, nyumba ya thamostati ya plastiki iliyokuwa imepasuka tangu zamani na kuzibwa na gundi. Hela ikaisha kabla gari haijawaka. Hadi leo iko chini ya mwarobaini, mbuzi wanalala kwa kivuli chake. Na mnajua ayuuto inavyofanya kazi: ukishachukua zamu yako, bado unalipa hadi wote wamalize. Kwa hiyo kila wiki yule mama alikuwa anatoa hela kulipia gari isiyosonga. Hakuwahi kumtukana kijana wake hata siku moja. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Sasa, najua mtaniambia: kosa lilikuwa la binamu, si la turbo. Kweli, nusu. Angesimama mshale ulipoanza kupanda, angeokoa injini. Na mtaongeza: mbona Land Cruiser za dizeli zina turbo na zinafika Mandera? Kweli pia. Lakini hebu fikirini. Land Cruiser imejengwa na rejeta kubwa ya kazi ya jangwa, na spea zake unazipata ukitembea dakika kumi mjini. Turbo huongeza joto chini ya boneti. Oili lazima iwe safi, paipu zisiwe zimekauka, feni ifanye kazi. Ukiwa na gari ya miaka kumi na kitu, iliyopitia mikono minne, kwenye mji ambao joto hupita nyuzi 35 kama mchezo, huna nafasi ya kubahatisha. Swali la kwanza kuhusu gari liwe hili: ikiharibika Alhamisi, nani hapa mjini ataitengeneza kabla ya Jumamosi?

Hapo ndo naja kwa Vitz RS.

Cheka, nakungoja. Umemaliza? Haya. Vitz RS ya kizazi cha tatu, ile ya NCP131 iliyoanza mwisho wa 2010, ina injini ya lita 1.5 inayoitwa 1NZ-FE. Farasi 109, gia tano za mkono ukiipata ya kweli. Na sasa sikiliza vizuri: 1NZ-FE ndiyo injini ya Probox ya 1500 ya kizazi cha kwanza. Ile Probox iliyobeba mahari, magunia, wagonjwa na nusu ya ukoo wako. Kwa hiyo kila fundi wa Garissa ashaifungua injini hii akiwa amefumba macho. Plagi, pampu ya maji, mkanda, gasketi, vyote viko dukani leo. Umenunua gari ya raha yenye moyo wa gari ya kazi.

"Lakini farasi 109 ni kidogo." Kidogo kwa nani? Golf GTI ya kwanza ya 1976, ile iliyofanya dunia nzima ipende hachibaki za moto, ilikuwa na farasi 110. Ilikuwa nyepesi kuliko Vitz RS, nakubali. Lakini utamu wake ulikuwa kwenye wepesi, gia za mkono na jinsi inavyoshika kona. Gari ndogo unaisikia. Kwa kasi ya halali unacheka peke yako, wakati mwenye farasi 200 anahitaji kuvunja sheria ndipo aanze kufurahi.

Kuna nyingine tatu nazikubali. Honda Fit RS ya GE8, lita 1.5, farasi 120, na nafasi ya nyuma inameza mizigo ya safari bila kelele. Tahadhari: usiuziwe Fit Hybrid ya mwaka wa kwanza, 2013, imebandikwa nembo ya RS. Hybrid ile ina giaboksi ya klachi mbili ambayo Honda yenyewe iliirudisha kiwandani mara kadhaa. Mazda Demio Sport ya kizazi cha 2007 hadi 2014, ya petroli, ni nyepesi na usukani wake ni mtamu. Demio ya dizeli iache, hata kama nguvu yake inakuvutia: ina chujio la masizi linalotaka safari ndefu za mara kwa mara ili kujisafisha, na wewe kazi yako ni kutoka Iftin kwenda Soko Ng'ombe na kurudi.

Ya tatu ni Suzuki Swift Sport ya ZC32S. Lita 1.6, farasi 136, gia sita za mkono. Hii ndiyo bora kuendesha kati ya zote, siwadanganyi. Lakini inakuja na rimu za 17 na tairi nyembamba za 45, na mawe yetu yanapenda tairi kama hizo. Suzuki pia iliitengenezea petroli ya okteni ya juu, kwa hiyo uliza kwanza pampu unayotumia kila siku inauza nini. Kama unaweza kuishi na hayo, chukua, na sitakuhukumu.

Mtu atauliza: si niagize tu Japani, safi, haijaguswa na mafundi wa Kenya? Piga hesabu basi. Sheria ya KEBS hairuhusu gari iliyozidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Mwaka huu wa 2026, mstari ni 2019. Kwa hiyo Swift Sport ya ZC32S na Fit ya GE8 tayari ziko nje, unazipata tu zilizoko nchini. Kisha kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 35 tangu Julai 2023. Juu ya hiyo, ushuru wa bidhaa asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500, na 25 ikizidi. Juu ya zote mbili, VAT asilimia 16. Zikipandana hivyo, gari ya 1500 inalipa karibu asilimia 88 ya thamani yake ya forodha, na ya 1600 karibu asilimia 96, kabla ya ada nyingine ndogo. Na thamani hiyo inakadiriwa na KRA, si bei uliyopata mnadani Yokohama. Laki saba haifiki. Nunua iliyoko nchini, na ununue kwa akili.

Akili ni hii. Usitumie hela yote kwa gari. Ukiwa na laki saba, tafuta ya laki sita, laki moja ibaki. Mimi yangu nilipoileta nilianza na rejeta, thamostati, paipu zote za maji, kulanti halisi badala ya maji ya mfereji, oili, pedi za breki na tairi nne. Hakuna aliyenipongeza. Rejeta haipigwi picha. Lakini nimeenda na kurudi Nairobi, karibu kilomita 370 kila upande, na mshale wangu haujawahi kupita katikati.

Ukienda kuitazama, nenda asubuhi kabla haijawashwa. Ukikuta injini tayari ina joto, jiulize kwa nini. Ikiwaka, iache ingurume dakika ishirini na kiyoyozi kikiwa juu, kisha angalia mshale. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake: ukiona matope au madoa, gari hiyo ilizama. Mnakumbuka mafuriko ya mwisho wa 2023, barabara ya Madogo ilipokatika na watu wakavuka kwa mashua. Magari yaliyozama sehemu mbalimbali za nchi hayakwenda mbinguni, yalisafishwa yakauzwa. Soma tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi ya umri huo kwa joto letu ni bomu, hata kama ina meno. Tafuta rekodi ya gari kwenye eCitizen, na usitoe hela mpaka jina la kwenye rekodi na la muuzaji yalingane. Nenda na fundi wako. Fundi wa muuzaji ni wa muuzaji.

Kuhusu kushusha gari chini, sina upole. Barabara zetu za bulla ni mchanga na matuta yasiyo na rangi. Ukiishusha, unakwangua sahani ya oili, oili inamwagika, injini inakufa. Ati kwa ajili ya picha.

Sasa niwageukie wazee, kwa heshima. Abti wangu alisema, "Nunua Probox, ubebe abiria, gari ikulishe." Abti, naiheshimu Probox. Lakini si kila kitu cha kijana lazima kibebe abiria. Tumekulia mahali ambapo furaha inasubiri hadi mtu awe na miaka arobaini na tumbo. Kupenda kuendesha gari si utoto. Nimekufuata kwenye jambo moja kubwa, injini, na mengine naomba uniachie.

Na sisi vijana, tuambiane ukweli. Barabara kutoka Mwingi hadi huku imenyooka, na inakudanganya kwamba uko peke yako. Magharibi ikifika, ngamia wanavuka, na ngamia hawaangalii kioo. Ni mrefu, rangi yake ni ya vumbi, na ukimgonga miguu, mwili wote unaingia kupitia kioo cha mbele. Hapo turbo haikusaidii kitu. Kinachokuokoa ni breki, tairi na mguu uliokuwa mwepesi tangu mwanzo. Kwa hivyo nikisema gari yenye moto, namaanisha kwanza gari inayosimama. Anayetaka mashindano atafute otokrosi yenye waamuzi na kofia za chuma. Barabara ya A3 ina watoto wanaochunga mbuzi.

Neno la mwisho kwa anayefikiria kujazia laki mbili na mkopo wa simu ili afikie turbo. Achana na riba kwanza, hiyo unajua mwenyewe. Lakini pia huwezi kukopa hela ya kununua gari, halafu ukose hela ya kuitunza. Turbo ni posa ya kila mwezi.

Binamu wiki iliyopita alinipigia. Anataka kuuza ile ya chini ya mwarobaini kama chuma, na hela itakayopatikana ampe mamake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, Vitz RS inaenda pesa ngapi. Nimemwambia asubiri. Amlipe hooyo kwanza, ya gari tutaongea baadaye. Siku hiyo ikifika, tutaenda wote, asubuhi na mapema, na fundi wetu kwenye kiti cha nyuma.