TRENI HUULIZIWA NJIA, MBONA VIFAA HAVIULIZIWI?



Kila mtu wa reli ajua sheria hii, hata kibarua aliyeandikwa juzi: penye njia moja, treni haiondoki stesheni mpaka stesheni ya mbele iulizwe, nayo ijibu kwamba njia i wazi. Hakuna bwana mkubwa awezaye kusema, "Mimi nadhani njia ni wazi." Kudhani kunaua watu. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa ya njia moja, na bila kuulizana isingalikwenda hata siku moja.

Basi nawauliza mabwana wa ofisi: ikiwa treni huuliziwa njia, mbona vifaa vya kuitengeneza haviuliziwi? Kila stoo ina kitabu chake, na kila mwenye kitabu amekikalia. Karani wa stoo hii hajui kilichomo katika stoo ile. Fundi hajui kama kifaa alichoomba kimeagizwa, au kiko baharini, au karatasi yake imelala mezani. Naye mwenye kuagiza hajui kinachotumika, kwa sababu hamwulizi anayetumia.

Mahali fulani nilipofanya kazi, ambapo sipataji jina, mabehewa yalisimama majuma mengi kwa kukosa vyuma vya breki. Kumbe stoo nyingine ya idara ile ile ilikuwa navyo, vimelala vinaota kutu. Mafundi ndio waliolaumiwa, wakaitwa wavivu.

Tazameni jinsi giza hili linavyozaa hasara. Tuseme fundi ahitaji vyuma 10. Hapati, wala haambiwi vitakuja lini. Mara ya pili, kwa hofu, anaomba 20. Karani naye aona haja imeongezeka, anaomba 40. Stoo kuu yaagiza 80. Vikifika vyote pamoja, stoo yajaa na fedha zimefungwa humo. Bwana mkubwa anakasirika, anakataza kuagiza tena. Baada ya muda vyaisha, na taabu inaanza upya. Hapo hakuna mwizi wala mvivu. Kila mtu amefanya kazi yake, lakini kila mtu amefanya gizani.

Haya si maneno ya kibarua tu. Jay Forrester, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, aliyaeleza mwaka 1961: badiliko dogo dukani hukua na kukua kila linapopanda kuelekea kiwandani. Na huko Japani, Taiichi Ohno wa kiwanda cha Toyota alitumia dawa nyepesi, kadi. Mfanyakazi akitumia vifaa, kadi yao yarudi nyuma kwa wanaovileta, nao walete kiasi kile kile kilichotumika. Angalieni vizuri, ndugu zangu: habari huanza kwa mwenye spana mkononi, si kwa mwenye kiti.

Wako watakaosema, "Tukifungua vitabu, wezi watajua kilichomo." Mimi nasema mwizi hapendi kitabu kilicho wazi. Kitabu kilichofungwa ndicho nyumba yake. Pale ambapo hesabu inaonwa na macho mengi, kifaa kikitoweka leo, kesho chaulizwa.

Wengine watasema, "Tumenunua kompyuta, mambo yamekwisha." Kompyuta hujua kile tu ilichoambiwa. Ikiwa karani wa hapa hana ruhusa ya kuona hesabu ya kule, wamelihamisha giza kutoka kitabuni kulitia katika mashine.

Kwa hiyo yatupasa kudai mambo manne. Kwanza, kila stoo ibandike ubaoni kila juma hesabu ya vifaa vilivyopo, vilivyotoka na vilivyoagizwa. Pili, karani wa stoo awe na ruhusa ya kumwuliza karani mwenzake moja kwa moja, pasipo kungoja barua ipande kwa wakubwa watatu na kushuka tena. Tatu, mafundi wawe na mtu wao katika mkutano wa kuagiza vifaa, maana asiyekuwapo na lake halipo. Nne, asikatwe mtu mshahara kwa upungufu mpaka vitabu vya stoo zote zinazohusika vimefunguliwa mbele ya mjumbe wa chama.

Hatudai senti moja ya zaida katika haya manne. Twadai kuulizwa na kujibiwa, kama stesheni mbili zinavyofanya. Mkubwa atakayekataa jambo lisilo na gharama atatuonyesha mwenyewe nani anafaidika na giza.

Leteni neno hili katika mkutano wa tawi lenu. Kila mmoja aje na hesabu ya vifaa alivyokosa kazini, na siku alizongoja. Tukiziweka pamoja mezani, hakuna atakayetuita wavivu tena.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli